Kidole Gumba cha Wagiran

Hapa mjini kwetu Muntilan ukimtaja Wagiran, watu watakuambia habari moja tu: yule mzee kipofu aliyefuta namba ya injini ya mjane. Wanaisema wakitafuna tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, wanaisema wakisubiri kunyolewa, na wakishaisema wanacheka. Inanichoma. Mtu amefanya kazi miaka ishirini na sita, halafu anaachiwa sentensi moja. Mimi ni Supardi, fundi wa kufungua na kufunga injini, na nilifanya naye kazi benchi kwa benchi miaka kumi na minne. Nitasema yote ninayoyajua, pamoja na lile asilolijua hata mke wangu.

Alizaliwa Srumbung, juu huko kwenye mteremko wa mlima wa moto, na ujana wake aliumalizia mtoni akichota mchanga na kuupakia kwenye malori. Mgongo ulipomkatalia akaingia kiwanda kidogo cha sufuria. Kazi yake ilikuwa kung'arisha sufuria za alumini kutwa nzima, na huko ndiko mkono wake ulikoijua alumini. Bosi Harsoyo alipofungua gereji ya kufufua pikipiki za zamani, alimtoa kwenye sufuria akamweka nyuma ya gereji, karibu na kisima, akampa mota moja na gurudumu la kitambaa. Hakuondoka tena hapo. Sote tulimwita Pakde, yaani baba mkubwa, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu yake.

Wasioijua kazi hii hudhani ni kusugua tu. Alumini iliyoachwa miaka mingi kwenye mvua na jua huota unga mweupe, na chini ya unga ule kuna vishimo kama vya uso wa mtu aliyepona ndui. Mafundi wavivu wanaipulizia rangi ya fedha juu kwa juu, mteja anaondoka anachekelea, na mvua za mwaka mmoja zikipita rangi yote imebanduka. Pakde aliosha kwa mafuta ya taa na mswaki, akapiga msasa mkali, kisha mlaini, kisha mlaini zaidi kwa maji ya sabuni. Kila alipobadili msasa alipitisha kidole gumba cha mkono wa kulia juu ya kile kipande, taratibu, macho ameyafumba. Kidole kikikwama mahali, alirudia. Gurudumu na nta ya kijani vilikuja mwisho kabisa. Kazi ilipoisha uso wake wote ulikuwa mweusi, meno tu ndiyo yaliyobaki na rangi yake.

"Mzee, unasugua au unabembeleza?" mteja mmoja alimtania, amechoka kusubiri.

"Nabembeleza," Pakde akajibu bila kuinua kichwa. "Hii yako imenuna. Uliilaza na kuku."

Yule mteja akacheka mpaka akakaa chini, maana ni kweli pikipiki alikuwa ameitoa kwenye banda la kuku. Watu walikuja toka Semarang, walikuja toka Surabaya, na kabla hawajauliza kitu kingine waliuliza kama mzee yupo. Bosi Harsoyo alilisikia swali hilo kila siku, na halikumpendeza. Gereji ilikuwa na jina lake mlangoni, lakini watu walikuwa wanamtafuta mtu wa kisimani.

Miaka mitatu kabla ya mambo haya kutokea, niligundua kwamba Pakde haoni vizuri. Aliingia asubuhi akalisalimia koti langu lililokuwa limetundikwa msumarini, akaliuliza na hali ya watoto. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilicheka kwanza, kisha nikamtazama vizuri, nikaona ule ukungu kwenye mboni. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Pakde, si uende hospitali wakautoe huo ukungu? Watu wanatolewa, wanarudi nyumbani siku ileile."

"Nikienda, bosi atauliza nimefuata nini. Akijua, nitarudi nimkute mtu mwingine kwenye gurudumu langu." Akanishika mkono. "Kidole kinaona, Pardi. Wewe nyamaza tu."

Nikanyamaza. Tangu siku hiyo nikawa namsomea namba za msasa, namwambia nta ipi ni ya kijani na ipi ni nyeupe, na mteja mpya akiingia namtaja jina kwa sauti ili Pakde ajue anaongea na nani. Tulizoea hivyo mpaka hakuna aliyeona ajabu. Na kazi yake haikushuka hata kidogo, hilo naapa.

Sasa nieleze habari ya namba. Injini ina namba yake iliyogongwa na watengenezaji, na kila baada ya miaka mitano pikipiki hupelekwa ofisi ya usajili. Ofisa anabandika karatasi juu ya namba, anasugua kwa penseli mpaka tarakimu zitokee, anazilinganisha na zilizo kwenye kitabu. Zisipotokea, unahesabiwa mwizi mpaka uthibitishe vinginevyo. Kwa hiyo gereji za kung'arisha huku kwetu zina desturi: anayefungua injini ndiye anayeiziba namba kabla kasha la injini halijaenda kwa mng'arishaji. Sisi tulitumia kipande cha tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, tukakigandisha kwa gundi. Mng'arishaji anakizunguka, na mwishoni panabaki kiraka cha kijivu katikati ya mng'aro wote ule, nacho ndicho kinachomwambia mteja kwamba kazi imefanywa na watu wanaoijua. Kuziba namba ilikuwa kazi yangu.

Bu Kustinah, yaani Mama Kustinah, alikuja kwetu akiwa amefiwa na mume miaka miwili na zaidi. Marehemu alikuwa karani wa mnada wa samaki kule Pekalongan, na pikipiki yake ilikaa barazani miaka mingi ikila upepo wa chumvi. Mama huyu alipohamia kwa mwanawe hapa Muntilan, pikipiki ikaja juu ya lori pamoja na makabati. Ilikuwa imechakaa mpaka inasikitisha, nyeupe kama imemwagiwa unga wa mchele.

"Dua ya siku elfu tangu marehemu afariki inakaribia," alimwambia Bosi. "Nataka siku hiyo isimame uani, watu waione kama ilivyokuwa alipokuja nayo kunichumbia." Kisha akamgeukia Pakde. "Wanasema wewe ndiye mwenye mkono. Itawezekana, kaka?"

Pakde akapitisha kidole kwenye kasha la injini, akakirudisha polepole. "Chumvi imeila, Bu, lakini haijaimaliza. Itakubali."

Yule mama akatoa leso akajifuta macho, nasi tukajifanya tunatafuta spana.

Ilikuwa pikipiki ya Kijapani ya aina tusiyoizoea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefungua mbili tu za namna ile maisha yangu yote, na namba ya injini haikukaa pale tulipozoea kuikuta. Ilikuwa chini zaidi, ubavuni, penye chumvi kuliko kwingine kote. Niliiona siku niliyoifungua. Nilisema moyoni, hii nisiisahau.

Jumamosi moja asubuhi nililisafisha kasha, nikakata kipande cha tyubu, nikakiweka mezani, nikafungua gundi. Sasa mimi nilikuwa na ndege. Wanaume wengi wa hapa wana ndege wa kuimba, na wangu alikuwa aingie mashindanoni kesho yake, hivyo nilikuwa nimemtundika gereji ili azoee kelele za watu. Ghafla akanyamaza. Nikaacha kila kitu nikaenda kumtazama. Nikampulizia maji, nikampa panzi wawili, nikampigia mluzi mpaka akaanza tena kuimba. Niliporudi mezani kasha halikuwepo, Pakde alikuwa amekuja kulichukua. Nikashika kabureta.

"Pardi," akaita kutoka kisimani, "namba umeziba?"

"Tayari, Pakde."

Nilijibu vile watu wanavyojibu. Wala sikukusudia kudanganya, kichwani mwangu nilikuwa nimeshaziba. Msasa ukaanza kukwaruza. Kabla ya adhuhuri nikanyoosha mkono kuchukua bisibisi, nikakiona kile kipande cha tyubu, kimelala palepale nilipokiweka. Ningesimama hapo, ningepiga hatua kumi na mbili tu mpaka kisimani. Badala yake nikajiambia hicho ni kipande cha ziada, cha kwanza nimeshakibandika, nikakifagia chini pamoja na vumbi.

"Hapa chumvi imekula kwelikweli," nilimsikia Pakde akisema, kama anayejisemea mwenyewe.

Kwake mambo yalikuwa wazi. Mimi nimesema namba imezibwa, basi chochote chenye vishimo ambacho kidole chake kinakigusa hakiwezi kuwa namba. Ni chumvi tu. Akarudi kwenye msasa mkali, akasugua pale mahali mpaka saa tisa, kwa subira yake yote na ustadi wake wote, mpaka kidole kikapita bila kukwama. Alilinyanyua kasha akaniletea mwenyewe, anatabasamu. Sijawahi kuona alumini imeng'aa vile. Nilitazama ubavuni, nikaona uso wangu.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua Jumamosi ileile, tena mwanga ungalipo. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa hofu, siku ya pili nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimenyamaza siku ya kwanza, na baada ya hapo kunyamaza kukawa rahisi. Niliifunga injini, nikaifunga na fremu, nikaiwasha. Bu Kustinah alikuja kuichukua amebeba keki za mchele kwenye majani ya mgomba. Alizipitisha kwa kila mtu, na za Pakde alimfungia mbili za kumpelekea mkewe.

Wiki mbili baadaye alirudi kwa miguu, helmeti ya mwanawe mkononi, bila pikipiki. Muda wa namba za usajili ulikuwa umefika, wakaipeleka kukaguliwa.

"Ofisa amesugua karatasi mara tatu," alisema. "Imetoka nyeupe. Amemwuliza mwanangu ameiiba wapi. Foleni nzima inasikiliza. Pikipiki ya baba yake mzazi!"

Wameizuia mpaka uchunguzi uishe, akasema, na hakuna aliyemwambia utaisha lini. Dua ilikuwa imebakiza siku tisa.

Bosi alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akazima redio. Tulikuwa watu wanne gerejini.

"Nani aliziba namba?"

Kila mmoja alijua ni kazi ya nani. "Mimi," nikasema. "Niliziba kama kawaida."

"Aliziba," Pakde akadakia kabla Bosi hajafungua mdomo. Alikuwa amesimama karibu na mota yake, uso ameuelekeza kwenye sauti yangu. "Nilimwuliza, akaniambia tayari. Pardi si mtu wa maneno mawili. Basi tyubu nimeing'oa mimi."

"Umeng'oaje kipande cha tyubu bila kukiona, mzee?"

Bosi akabaki anamtazama, kisha polepole akaanza kugeuka upande wangu, ana swali jingine mdomoni. Hilo swali ndilo nililoliogopa. Na mimi, niliyekuwa nimelitunza lile jambo miaka mitatu, nikalitoa.

"Labda macho, Bosi," nikasema. "Siku hizi macho yake hayamsaidii."

Bosi Harsoyo akachukua kipande cha msasa mezani, akampa. "Nisomee namba ya nyuma."

Pakde alikishika mbali, akakisogeza karibu, akakigeuza kwenye mwanga. Kisha akakipitisha kidole gumba nyuma, pale kwenye maandishi, mara mbili. Maandishi ya wino hayana vishimo.

"Basi, mzee," Bosi akasema. "Nenda kapumzike." Hakuwa amekasirika. Naamini alikuwa amefarijika, na jambo hilo nalo linanichoma mpaka leo.

Pakde alinawa mikono kisimani muda mrefu. Alikunja lile gunia alilokuwa akijifunga kiunoni, akaliweka juu ya mota, akamuaga kila mtu kwa jina lake. Aliponifikia alinishika bega.

"Ungeniambia kwanza mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini si kitu. Bosi alikuwa na haki ya kujua."

Siku ya dua Bu Kustinah aliweka kiti uani, na juu ya kiti picha ya marehemu. Pikipiki ilikuwa bado kwenye uwanja wa ofisi, inanyeshewa, na nilisikia kwamba alumini ilishaanza kuota madoa. Pakde alikuja kama jirani anavyopaswa kuja. Alikuja mapema, akaanza kusaidia kutandika mikeka. Mwana wa marehemu akamnyang'anya mkeka mkononi.

"Acha tu, mzee. Usije ukaufuta na huu."

Watu wakacheka, wengine kwa kuziba mdomo. Pakde naye akacheka kidogo, kwa adabu, akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na ndoo za maji. Nilikuwepo. Nilisoma dua pamoja nao, nikala wali wa manjano, nikafungasha wa nyumbani.

Macho hakwenda kuyatibu. Mkewe, Bi Painem, alimsihi sana, akamjibu ya nini sasa. Alikaa barazani kwake, na ukipita ungemwona kidole gumba kinatembea juu ya ukingo wa benchi, kinakwenda kinarudi. Bosi alileta mng'arishaji mwingine, mtu wa haraka, kazi yake inang'aa wiki tatu. Mimi siku hizi naziba namba kwa vipande viwili, kimoja juu ya kingine.

Ikaja Idi. Huku kwetu Idi si nguo mpya na vitafunio tu. Mdogo humwendea mkubwa nyumbani kwake, anapiga magoti, anaubusu mkono wake, anaomba radhi kwa makosa yote ya mwaka, yaliyo wazi na yaliyo moyoni, na mkubwa anasamehe. Usipokwenda kwa mzee wa mtaa wako, watu wanakuhesabu huna malezi. Siku ya kwanza nilizunguka nyumba zote za njia yetu, nikairuka moja. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake nikasema kuna wageni. Siku ya tatu asubuhi nikasikia mtu anabisha hodi, nikafungua, nikamwona Pakde mlangoni. Alikuwa amevaa shati la batiki lililopigwa pasi na kofia nyeusi, ameshika bega la mkewe. Mzee wa miaka sitini na minane amekuja kwangu mimi.

Mke wangu alikimbilia jikoni kuchemsha maji. Watoto wakakaa mkekani, wamenyooka. Bi Painem alikaa ukingoni mwa kiti akanitazama, na chai ilipoletwa hakuigusa. Nikapiga magoti mbele ya Pakde ili niushike mkono wake, lakini yeye aliwahi kuushika wangu, akaubana katikati ya mikono yake miwili.

"Leo naanza mimi," alisema. "Nimekusubiri siku mbili, nikajua huji kwa sababu una uchungu na mimi, na ni haki yako."

"Pakde, hapana..."

"Niache nimalize, mwanangu. Ulinizibia namba kama inavyotakiwa, mimi kwa ukaidi wangu nikaing'oa tyubu. Nilijua sioni, nikang'ang'ania gurudumu. Yule mama akaumia, na wewe ukasimamishwa mbele ya watu ukaulizwa kama mwizi, wakati ulikuwa umeifanya kazi yako. Hilo limenikosesha raha kuliko kufukuzwa." Kidole chake gumba kilikuwa kinapita juu ya kiganja changu. "Nisamehe, Pardi. La wazi na la moyoni."

Nilikuwa na nafasi. Nyumba ilikuwa kimya, mdomo ulikuwa wangu, na ukweli ulikuwa maneno manne tu. Nikawatazama watoto wangu, nikamwona mke wangu amesimama mlangoni ameshika sahani ya keki za nanasi, anamhurumia yule mzee.

"Nimekusamehe, Pakde," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu. Akainua mikono akaniombea dua, kazi yangu, afya yangu, macho yangu, na watoto wangu wakaitikia amina.